Mwili wa mtoto na anavyojiona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila siku ya kliniki, kwenye vikao vya wazazi shuleni na barazani jioni. Wengi wanaouliza ni akina mama, ingawa siku hizi akina baba nao wanauliza, na hilo linanifurahisha sana. Nimejibu nikiwa na msimamo ambao sitauficha: mtoto anayeuchukia mwili wake mara nyingi amefundishwa kuuchukia na watu wanaompenda. Yapo mambo ya mwili yanayohitaji hospitali, tena mapema. Yapo mengine, na ndiyo mengi, yanayotaka sisi wakubwa tuuchunge ulimi tu. Tunakosea pale tunapoyabadilishana: la daktari tunalipuuza, la kuachwa tunalihangaikia.

Mtoto anaanza lini kujua kwamba huu ni mwili wake?

Mtoto wa miezi sita ukimweka mbele ya kioo atamchekea yule aliye ndani kama rafiki aliyekuja kumtembelea. Kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili mambo hubadilika: ukimpaka doa puani bila yeye kujua, akijiona kiooni anashika pua yake mwenyewe. Hapo ameshajua kwamba yule ni yeye.

Akiwa na miaka mitatu, minne, ukimuuliza yeye ni nani atakujibu kwa mwili wake. "Mimi mkubwa." "Mimi naruka juu sana." Anajisifu kuliko uwezo wake, na mwache ajisifu, maana ndivyo umri ule ulivyo. Kwenye miaka saba au minane, ambapo wengi wako darasa la kwanza au la pili, anaanza kujipima na wenzake: nani mrefu, nani ana mbio, nani huachwa mwisho timu za mpira zikigawanywa. Kuanzia hapo anayakusanya maneno yetu na kuyaweka. Tulilomwambia juu ya sura yake tukadhani limepita, yeye analo.

Nitajuaje kama anakua sawasawa?

Kwa kadi ya kliniki. Siku ya kliniki mtoto anavishwa ile suruali ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, analia, muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta, mama anaambiwa "yuko kwenye kijani", anaondoka. Lakini nukta moja haisemi mengi. Tazama mstari unaoziunganisha. Ukipanda, hata kama uko chini kidogo, mtoto anakua. Ukilala miezi miwili mfululizo au ukishuka, uliza kuna nini, na usikubali kuambiwa tu "mlishe vizuri" bila kuelezwa alishwe nini.

Jambo la pili: omba apimwe na urefu. Vituo vingi huishia kwenye uzito, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu na bado akawa mfupi kuliko umri wake. Kwa kukisia, mtoto huzaliwa na sentimita 50 hivi, hufika 75 akitimiza mwaka, na baada ya miaka minne huongeza sentimita tano hadi saba kwa mwaka hadi balehe. Uzito wa kuzaliwa huongezeka mara mbili kwenye miezi mitano au sita na mara tatu akitimiza mwaka. Kwa mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka mitano upo pia ule utepe wa kupima mkono. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na haungoji kliniki ya mwezi ujao.

Kwetu sisi ni wafupi kwa asili. Kuna haja ya kuhangaika na udumavu?

Ipo. Chati zinazotumika kliniki zilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, waliokula vizuri na kuishi mahali safi. Watoto wa Accra, Muscat na Oslo walikua karibu sawa hadi miaka mitano. Kwa hiyo katika umri ule kabila haliwezi kubebeshwa lawama kubwa. Chakula, maradhi na usafi ndivyo vinavyotenganisha.

Tazama Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huohuo walikuwa 18. Iringa, mkoa unaolisha nchi mahindi, zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali. Ghala limejaa, lakini mtoto anakula uji mtupu mara mbili kwa siku kwa sababu mama ametoka alfajiri kwenda shamba na aliyebaki naye ni dada yake wa miaka minane. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Anahitaji kula mara tatu au nne, na kwenye chakula kuwe na kitu zaidi ya wanga: yai, dagaa waliosagwa, maharage, maziwa, mboga za majani, kijiko cha mafuta. Siku 1,000 kuanzia mimba hadi miaka miwili ndizo zinazoamua sehemu kubwa, na kuyarudisha yaliyopotea baadaye ni kazi ngumu.

Asili inaonekana zaidi baadaye. Ukitaka kukisia urefu wa mwanao akiwa mtu mzima, jumlisha urefu wa baba na mama kwa sentimita, ongeza 13 kama ni wa kiume au toa 13 kama ni wa kike, kisha gawa kwa mbili. Baba wa 172 na mama wa 158 wangetarajia kijana wa karibu 171 na binti wa karibu 158, na kupanda au kushuka kwa sentimita nane hivi ni jambo la kawaida. Mtoto mfupi wa wazazi wafupi ambaye mstari wake unapanda vizuri hana ugonjwa. Huyo mwacheni.

Wakwe wanasema mtoto amebemendwa. Ni kweli?

Hapana, mama. Kwa msomaji wa nje ya Tanzania: inaaminika kwamba mtoto anayenyonya hudhoofu, hukonda na kuchelewa kutembea ikiwa wazazi wamekutana kabla ya wakati au mmoja ametoka nje ya ndoa. Ninalichukulia swali hili kwa uzito kwa sababu imani hii inaua. Mama anajua akimpeleka mtoto aliyekonda kliniki watu watamtazama yeye, watahesabu miezi, watanong'ona. Kwa hiyo anamficha ndani, anamtafutia dawa ya kuogeshea, na mtoto anafika hospitali uso umevimba na nywele zimekuwa nyekundu.

Mtoto wa namna hiyo ana utapiamlo, au kuharisha kusikokwisha, au kifua kikuu, au VVU, au minyoo, au aliachishwa ziwa ghafla kwa sababu mama alipata mimba nyingine. Hapo kwenye mimba ya haraka ndipo wazee walipokuwa wameona kitu cha kweli: watoto wasiopishana vizuri hudhoofu. Dawa yake ni uzazi wa mpango na chakula cha kutosha. Baba unayesoma hapa, mpeleke wewe mtoto kliniki. Ukifika ukiwa umembeba, maneno mengi yatakwisha siku hiyohiyo.

Ana matege. Ni kwa sababu tulimbeba mgongoni au tulimsimamisha mapema?

Kubebwa mgongoni hakuleti matege. Karibu watoto wote huwa na miguu iliyopinda kwa nje hadi karibu miaka miwili, kisha magoti huelekea ndani kwenye miaka mitatu au minne, na kufikia miaka saba miguu hunyooka. Mpeleke hospitali kama amepita miaka miwili na mpindo unaongezeka, kama umepinda mguu mmoja tu, kama ana maumivu, au kama ni mtoto anayefungiwa ndani bila kuliona jua, maana huenda amepungukiwa vitamini D au kalsiamu.

Meno yake ni ya kahawia ingawa anapiga mswaki. Tatizo ni nini?

Swali hili linatoka Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kwa upande wa Kenya linatoka Nakuru, Naivasha na Njoro. Tatizo ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floridi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na maji ya visima na chemchemi huichukua. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa sababu sehemu nyingine hapakuwa na maji mengine ya kunywa. Vijiji vya chini ya Mlima Meru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, vimeishi na maji yenye kiwango cha juu zaidi ya hapo, na wapo waliopinda hata mifupa ya miguu.

Meno huharibika yakiwa bado ndani ya ufizi. Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa katika miaka mitatu ya kwanza, na mengine hadi miaka minane hivi. Mtoto anakunywa maji leo, jino linatoka na madoa miaka sita baadaye, na lawama anabebeshwa yeye: "Hupigi mswaki wewe." Walimu husema hivyo mbele ya darasa zima. Waambie wanafunzi wa sekondari ya huko wacheke kwa ajili ya picha, utaona midomo inafungwa na viganja vinapanda. Wapo wasichana wanaocheka hivyo hadi wanaolewa. Wapo wavulana wanaosugua meno kwa mchanga na majivu mpaka ufizi unatoka damu, na doa halitoki kwa sababu liko ndani ya jino lenyewe.

Kwa mdogo anayekuja nyuma yake, yapo ya kufanya. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji mabaya, kwa hiyo mnyonyeshe bila kumpa maji miezi sita ya kwanza, kisha endelea hadi miaka miwili. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya uji na kunywa ya mtoto. Mvua haina floridi ya kudhuru. Usidhani kuchemsha kunasaidia: maji yanapungua, floridi inabaki palepale na kuwa kali zaidi. Punguza magadi kwenye makande na maharage, maana magadi ya maeneo hayo yamebeba floridi nyingi. Upo pia mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi kituo cha Ngurdoto huko Arusha, na kwa Kenya na Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Unafanya kazi vizuri ilimradi mkaa ubadilishwe ukichoka.

Kwa yule ambaye meno yameshatoka, daktari wa meno anaweza kuyang'arisha yenye madoa mepesi na kuyafunika kwa dawa nyeupe yaliyoliwa zaidi. Si bei ya kila mtu. Kisicho na bei ni kumwambia ukweli: "Haya ni maji tuliyokunywa wote, hukukosea kitu." Mwalimu akilisema hilo mara moja mbele ya darasa, ameondoa mzigo mkubwa.

Na "meno ya plastiki" kwa mtoto mchanga, yang'olewe?

Yasiguswe. Yale meupe laini unayoyaona kwenye ufizi wa mtoto mwenye homa na kuharisha ni meno yake ya utotoni ambayo hayajatoka. Anayeyachokonoa anamletea kutokwa damu na maambukizi, na anaharibu hata meno ya ukubwani yanayojengwa chini yake. Kinachomwumiza mtoto ni ugonjwa unaomharisha. Mpeleke akatibiwe huo.

Kumwita "Kibonge" au "Kimbaumbau" ni utani tu wa nyumbani. Kuna ubaya?

Upo, na najua jibu hili haliwapendezi watu, kwa sababu utani ni sehemu ya maisha yetu. Mjomba, bibi, watani wa ukoo, wote wana jina walilokupa. Jina linalotokana na tabia au tukio, mtoto hulizoea na baadaye hulicheka. Jina linalotokana na umbo lake ni jambo lingine, kwa sababu hawezi kulikimbia: anaoga nalo, anavaa nguo nalo. Andunje, Njiti, Bonge, Mdomo, Kichwa. Anaitikia huku anatabasamu, na sisi tunachukulia tabasamu hilo kuwa ruhusa.

Mtazame anapoitwa. Kama anageuza uso kidogo kabla ya kuitika, kama hataki rafiki zake wa shule wafike nyumbani, kama anavaa sweta mchana wa jua kali la Tanga au Mombasa, umeshajibiwa. Mkubwa wa nyumba akitamka mara moja, "Mtoto huyu ana jina, mwiteni kwa jina lake," inatosha. Usimngoje mtoto ajitetee mwenyewe mbele ya mjomba wake. Kwa adabu tulizomfundisha, hataweza.

Binti yangu mweusi anasema anataka kuwa mweupe. Nimwambie nini?

Kwanza uliza amelisikia wapi, na uwe tayari kusikia kwamba amelisikia kwako. Watoto wawili wa tumbo moja, mmoja maji ya kunde na mwingine mweusi, wageni wanaingia: "Huyu mzuri, huyu kafanana na baba yake." Anasikia. Anamwona shangazi anapaka krimu usoni, anamwona bibi harusi aliyepaushwa kwa poda hadi hatambuliki, na akiwasha televisheni matangazo ya sabuni yanamwonyesha ngozi ya namna moja tu.

Mkorogo usikae nyumbani penye mtoto, na asipakwe kamwe. Nyingi ya krimu hizo zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa inaonekana. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vinaendelea kuuzwa kwa kificho masokoni na mitandaoni.

Msifu kwa rangi yake hasa, kwa maneno yaliyo wazi: weusi wako unang'aa, nguo ya njano inakupendeza mno. Kumwambia "rangi haina maana" hakumsaidii, maana anaona kwa macho yake kwamba watu wanaipa maana.

Mtoto wetu amezaliwa na ualbino. Tumlee vipi asijione tofauti?

Yeye ni tofauti kwa rangi na kwa macho, na atalijua hilo kabla hujamwambia. La kumlea nalo ni kwamba hakuna aliyekosa. Baba na mama wote wawili walibeba chembe hiyo ya urithi bila kujua, kwa hiyo mume anayemwacha mke kwa sababu hii anamwonea. Mkinge na jua tangu uchanga: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta ya Kilisun kwa ajili hii hasa, na hugawiwa kupitia kliniki za ngozi.

Macho yasisahaulike. Watoto wengi huitwa wazito wa masomo kumbe hawaoni ubaoni. Mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha linaloleta mwanga mkali, na amruhusu kusogea hadi ubaoni kunakili. Aitwe kwa jina lake, na pale inapolazimu kuitaja hali yake, mtoto mwenye ualbino. Mwambie pia habari za waliomtangulia, kama Al-Shaymaa Kwegyir aliyeteuliwa kuwa mbunge wa Tanzania mwaka 2008, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yanatisha nchi. Usalama wake ni jambo la kweli: asitembee peke yake kwenda shule penye hofu hiyo, na uongozi wa kijiji ujue.

Amezaliwa na mguu kifundo au mdomo wazi. Tungoje akue?

Msingoje. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa njia ya daktari Ponseti, na matokeo ni mazuri zaidi mkianza wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Baadaye anavaa viatu vyenye chuma katikati usiku, hadi karibu miaka minne, na hapa ndipo wazazi wengi huacha mapema mguu ukarudi kupinda. Mdomo wazi hushonwa kuanzia miezi mitatu hivi akiwa na uzito wa kutosha; mpaka hapo mama asaidiwe namna ya kumlisha, kwa sababu wengi hushindwa kunyonya wakakonda. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu hali zote mbili. Mtoto aliyetibiwa mapema huanza shule bila kukumbuka kwamba alizaliwa hivyo.

Mwanangu amenenepa sana. Nimpunguzie chakula?

Mtoto anayekua hapunguziwi chakula kwa kufunga au kunyimwa. Inabadilishwa meza ya nyumba nzima: soda na juisi za paketi ziondoke, chipsi ziwe za siku maalumu, kila mtu ale mboga, na si yeye peke yake apewe kisahani kidogo huku wengine wakimtazama. Kuanzia miaka mitano anahitaji dakika 60 za kucheza na kukimbia kila siku, jambo gumu kwa mtoto wa ghorofani anayechukuliwa na basi la shule alfajiri na kurudishwa magharibi. Tafuta uwanja. Usimtaje kilo mbele za watu, wala usimsifu mwingine kwa kukonda. Lengo mara nyingi ni uzito usimame wakati urefu unaendelea.

Kuna dawa ya kurefusha?

Hakuna dawa ya dukani wala ya mtandaoni inayorefusha. Homoni ya ukuaji hutoka zaidi mtoto akiwa usingizini, kwa hiyo wa shule ya msingi alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku na wa sekondari 8 hadi 10. Akionekana hakui kabisa, aonwe na daktari wa watoto.

Darasani mmoja ameshakuwa mama mtu, mwingine bado mtoto, na umri ni mmoja. Nani ana tatizo?

Mara nyingi hakuna. Wasichana huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana darasa la saba utaona wasichana warefu kuliko wavulana, na baada ya miaka mitatu mambo yanageuka. Mabadiliko kabla ya umri huo, au kutokuwapo kabisa baada yake, ndiyo ya kupeleka hospitali.

Wanaoumia zaidi ni wawili: msichana aliyetangulia na mvulana aliyechelewa. Msichana wa miaka kumi mwenye matiti anatazamwa na wanaume kana kwamba ni mtu mzima, na nyumbani anaanza kushukiwa kabla hajafanya lolote. Akili yake bado inataka kuruka kamba. Mlinde, mnunulie sidiria inayomtosha, na umwache acheze. Mvulana wa miaka 14 mwenye sauti ya kitoto anaachwa kwenye timu na kuitwa dogo na wadogo zake. Baba akimsimulia kwamba hata yeye alichelewa, kama ni kweli, atakuwa amemtibu kuliko daktari.

Na wavulana wengi huota matiti madogo yenye maumivu kipindi hiki. Ni homoni, huisha zenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili, na hakuna haja ya kumkandamiza wala kumcheka.

Nani amweleze binti kuhusu hedhi?

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe: somo au kungwi pwani, bibi na shangazi kwingineko. Mama alikuwa na haki ya kuona haya kwa sababu nafasi ilikuwa imeshikwa. Leo shangazi yuko Mwanza, bibi yuko kijijini, na haya za mama zimebaki palepale. Nafasi imeshikwa na simu. Kwa hiyo aseme mama, au mtu atakayemchagua na kuhakikisha kweli amesema. Aambiwe kabla: hedhi huja miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza. Binti anayeona damu kwa mara ya kwanza chooni shuleni bila kujua ni nini hudhani anakufa, au amepata ugonjwa wa aibu.

Mwonyeshe taulo inavyovaliwa, mpe moja ya kuweka kwenye begi na kanga au sweta ya akiba. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004, na sheria ya 2017 iliitaka serikali iwape wanafunzi bure. Tanzania iliiondoa 2018 ikairudisha 2019, na ningependa sana iondolewe tena. Baba naye anaweza kununua pakiti dukani na kuiweka mezani kama anavyoweka sukari. Binti ataelewa kwamba mwili wake hauchukizi mtu ndani ya nyumba ile.

Anatumia mkono wa kushoto. Nimzuie?

Usimzuie kuandika kwa kushoto wala usimfunge mkono. Karibu mtu mmoja kati ya kumi yuko hivyo tangu kuzaliwa. Kula na kusalimia kwa kulia ni adabu zetu, na anaweza kuzifundishwa kwa upole bila kuambiwa kwamba mkono wake ni mbaya.

Nimsifu vipi bila kumharibu?

Sifu kile mwili wake unachofanya pamoja na unavyoonekana. Amebeba ndoo bila kumwaga, amemkimbiza mdogo wake, ameogelea hadi kwenye ngalawa: sema umeona. Mtoto anayesifiwa uso tu hukaa na hofu ya kuupoteza. Na ujisikilize unavyouzungumzia mwili wako mwenyewe mbele ya kioo, maana binti amekaa nyuma yako kitandani anasikiliza.

Lini nitafute msaada wa mtu mwingine?

Ukiona ameacha kula au anakula kwa kujificha, anajiumiza, anakataa shule kwa wiki nzima, hataki kuoga wala kubadilisha nguo mbele ya mtu aliyekuwa amemzoea, au anasema angekuwa bora asingezaliwa, usingoje ipite. Kubadilika kwa ghafla juu ya mwili wake kunaweza pia kuwa ishara kwamba kuna mtu anamgusa vibaya. Muulize mkiwa peke yenu na umwamini atakachosema. Anza na kituo cha afya, ustawi wa jamii au mwalimu wa ushauri nasaha. Tanzania, Kenya na Uganda, namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.